Mnada wa korosho wa TMX na stakabadhi ghalani: tathmini kutoka mizani ya AMCOS hadi gati la Mtwara

Kuanzia Tandahimba hadi Liwale, kaya yenye mikorosho haina njia nyingine halali ya kuuza korosho ghafi isipokuwa hii. Unapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha kijijini, AMCOS inaupeleka ghala kuu, chama kikuu kinauingiza mnadani kupitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), mnunuzi analipa, na fedha inashuka hadi kwenye akaunti yako. Huduma isiyo na mbadala inastahili kupimwa kwa ukali kuliko duka ambalo ukikosana nalo unavuka barabara na kuingia kwa jirani. Kwa hiyo tumeipima kila hatua.

Alama tunazitanguliza. Kama njia ya kuuza korosho ghafi, tunaipa 7 kwa 10. Kama njia ya kuifanya Kusini ibaki na thamani ya zao lake, tunaipa 3. Pengo hilo halitokani na uvivu wa mtu mmoja ghalani. Linatokana na mahali mamlaka ya kupanga bei ilipo, na mamlaka hiyo imehama mara mbili katika umri wa mkorosho mmoja.

Tuanze chini, kwenye mizani.

Korosho iliyookotwa chini, ikatenganishwa na bibo siku hiyohiyo, ikaanikwa juani siku 2 hadi 3 juu ya turubai au mkeka, ikageuzwa mchana na kuingizwa ndani kabla ya umande, hufika AMCOS ikiwa na unyevu wa asilimia 8 hadi 10. Ukiitikisa mkononi inalia. Ukiibonyeza kwa ukucha ganda halibonyei. Hapo ndipo ifungwe kwenye gunia la juti. Kiroba cha nailoni hakipitishi hewa: korosho hutoa jasho, hushika ukungu, na kiini hugeuka rangi kabla hata lori halijaondoka kijijini.

Wengi huona kuanika sana ni kujipunguzia kilo. Hesabu inasema vingine. Chukua gunia la kilo 80 lenye unyevu wa asilimia 12. Likikaa ghalani hadi likakauka kufikia asilimia 8, linabaki na kilo 76.5. Kilo 3.5 zimeyeyuka, na kwa bei ya shilingi 4,000 hizo ni shilingi 14,000 kwa gunia. Hasara hiyo ndiyo inayoitwa unyaufu. Uzito wa ghala kuu ukiwa chini ya uzito wa AMCOS, tofauti hailipwi na mnunuzi wala na mwendesha ghala. Inarudi kwenye chama cha msingi, kisha inagawanywa kwa wote, mama aliyeanika siku tatu na kijana aliyeleta mbichi. Ugomvi mwingi wa mikutano ya AMCOS huanzia hapo, na wenyeviti wengi wametuhumiwa wizi ambao kwa kweli ulikuwa maji. Wizi nao upo, na hautenganishiki na maji bila kipima unyevu kwenye kituo cha kupokelea. AMCOS isiyo na kifaa hicho inanunua lawama.

Kwenye mizani yenyewe angalia vitu viwili kabla gunia lako halijapanda: kama inasoma sifuri ikiwa tupu, na kama ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo. Gunia tupu la juti lina uzito wa karibu kilo 1, nao hutolewa. Ukiona linatolewa zaidi ya hapo, uliza hapohapo, usisubiri siku ya malipo. Stakabadhi yako ionyeshe jina kama lilivyo kwenye usajili wa wakulima, namba ya usajili, kilo halisi, daraja na tarehe. Herufi moja ya jina ikitofautiana na akaunti ya benki, fedha hugoma kuingia, na mkulima wa Kitangari atapanda gari mara mbili au tatu kufuata herufi hiyo.

Sasa kipimo cha ubora, ambacho ndicho kiini cha biashara yote na ndicho mkulima huonyeshwa kwa nadra. Korosho hainunuliwi kwa sura ya ganda. Mnunuzi hutoboa magunia kwa bambo bila kuchagua, huchanganya alichotoa, hupima kilo 1, huhesabu ni korosho ngapi zimo, kisha huzikata zote katikati moja baada ya nyingine. Idadi ikiwa chini ya 200 kwa kilo, korosho ni kubwa na kiini chake kitafaa daraja la juu. Viini vinatenganishwa mafungu matatu: safi, vyenye dosari kidogo kama madoa au kusinyaa, na vibovu kabisa pamoja na tupu. Fungu la kwanza huhesabiwa lote, la pili nusu, la tatu sifuri. Jumla ya gramu inazidishwa kwa 0.1764 na kupata ratili za kiini zitakazotoka kwenye gunia la kilo 80. Namba hiyo wanunuzi wanaiita KOR.

Mfano: gramu 275 safi, gramu 24 zenye dosari. 275 na 12 ni 287. Mara 0.1764 ni ratili 50.6. Hiyo ni korosho nzuri. Ikishuka hadi 47, mnunuzi amepoteza karibu asilimia 7 ya kiini, na atateremsha bei kwa kiasi hichohicho. Kwenye bei ya 4,000 ni zaidi ya shilingi 280 kwa kilo.

Huduma hii ina madaraja mawili tu, la kwanza na la pili, na mzigo wa wakulima wengi huingia kwenye loti moja, yaani fungu moja la kuuzwa mnadani. Aliyepulizia salfa kwa wakati dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, akapalilia, akaokota kila siku, akaleta korosho ya 52, analipwa sawa na aliyeleta ya 47, mradi wote wamepita daraja la kwanza. Kasoro hii ni kubwa kuliko inavyosemwa. Mfumo unaolipa wastani huzaa korosho za wastani. Wakati huohuo mnunuzi anaijua KOR ya kila ghala, na ameiandika kwenye daftari lake. Anayeuza pekee ndiye asiyeijua.

Mnada wenyewe umeboreka, na hilo tunalisema bila kusita. Zamani barua za zabuni zilitumbukizwa kwenye sanduku, zikafunguliwa mbele ya watu. Wanunuzi waliojuana wangeweza kukubaliana njiani kabla ya kufika. Tangu msimu wa 2024/25 korosho inauzwa kwa mfumo wa TMX: kila mnunuzi mwenye leseni anaweka bei yake kwa kila loti kupitia mtandao, dirisha linafungwa kwa saa iliyotangazwa, matokeo yanaonekana kwenye skrini, na wakulima waliokusanyika wanaikubali bei au kuikataa. Wanunuzi bado wanaweza kupatana kwa simu, hakuna programu inayozuia hilo, ila kila zabuni sasa inabaki kwenye kumbukumbu na ukaguzi unawezekana. Kiungo dhaifu ni dakika za mwisho: umeme au intaneti ikiyumba, wakulima waliokaa juani tangu asubuhi hawana cha kufanya ila kusubiri.

Hata hivyo tusiupe mfumo sifa isiyo yake. Msimu wa 2023/24 bei zilizunguka shilingi 2,000 kwa kilo. Oktoba 2024, TMX ilipoanza kwenye korosho, mnada wa kwanza ulivuka 4,000. Wapo waliosema skrini imeongeza bei maradufu. Skrini ilisaidia bei ionekane. Iliyoipandisha ni ukame na mavuno hafifu ya Afrika Magharibi na Vietnam mwaka huo, viwanda vikabaki na njaa ya malighafi, na korosho yetu ndiyo inayoingia sokoni kuanzia Oktoba hadi Januari wakati wengine hawana. Na msimu huohuo wa 2024/25 nchi ilivuna zaidi ya tani 500,000, kiwango ambacho kilikuwa hakijawahi kufikiwa.

Kisha kuna dola. Mnunuzi anaweka zabuni kwa shilingi, lakini mkataba wake na kiwanda kwa kawaida umeandikwa kwa dola. Tani moja ya dola 1,500 ni shilingi 4,050 kwa kilo dola ikiwa 2,700. Dola ikiwa 2,400 ni shilingi 3,600. Shilingi yetu ilifanya safari hiyo hasa, kutoka karibu 2,700 hadi karibu 2,400, kati ya Oktoba na Desemba 2024. Kwa hiyo aliyeona bei inashuka mnada baada ya mnada asikimbilie kusema amehujumiwa. Aangalie kwanza bei ya dola ya wiki ile. Chama kikuu kinachojali wanachama wake kingebandika namba hiyo ubaoni pamoja na matokeo ya kila mnada.

Malipo. Miaka ya mwanzo ya stakabadhi ghalani, kuanzia msimu wa 2007/08 hapa Mtwara, vyama vilikopa benki ili kumpa mkulima malipo ya kwanza, kisha mzigo ukiuzwa akapata ya pili, na mwaka ukiwa mzuri yakafuata majaliwa, yaani malipo ya ziada. Riba ya mkopo ilitoka kwenye korosho yake mwenyewe. Bei ikianguka kati ya malipo ya kwanza na ya pili, nyumba ziliungua kweli: Liwale, Aprili 2013. Sasa mkulima hulipwa kwa mkupuo mmoja baada ya mnunuzi kulipa, kupitia benki. Ni bora zaidi. Gharama yake ni kusubiri, na kusubiri ndiko kunakomlisha mtu wa kangomba, yule anayepita nyumbani na bakuli Septemba, mwanafunzi anahitaji sare na mzee yuko hospitali, akachukua korosho kwa nusu ya bei au chini ya hapo. Kangomba ni kosa kisheria na polisi wanaikamata. Haitakwisha kwa kukamatwa, kwa sababu inajaza mwezi ambao huduma rasmi imeuacha wazi. Stakabadhi ya ghala kisheria ni dhamana ya mkopo, tangu Sheria ya mwaka 2005. Mkopo mdogo wa siku 30 juu ya stakabadhi, kwa riba inayoandikwa kwa shilingi na si kwa asilimia zinazochanganya, ungeua kangomba kuliko doria yoyote.

Makato hatutayapitia moja moja, yanabadilika kwa msimu na kwa chama. Ushuru wa halmashauri kwa sheria ni asilimia 3. Mchango wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele tunauunga mkono kwa moyo wote: miche bora na matumizi ya salfa vilitoka pale, na bila salfa ubwiri unga ungebaki kuwa bwana wa mashamba yetu. Mengine yaulizwe mstari kwa mstari.

Tumefika mahali ambapo alama zinaporomoka kutoka 7 hadi 3.

Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 msimu wa 1973/74. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000: watu walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ya serikali haikulipa jembe, na ubwiri ukaingia. Kufikia miaka hiyohiyo nchi ilikuwa imejengewa viwanda 12 vya kubangua, vingi kwa mikopo ya nje ikiwemo ya Benki ya Dunia, na vingi vilikuwa Kusini: Likombe, Masasi, Newala, Mtama, Lindi, Nachingwea. Viwanda vikakamilika korosho ikiwa imekwisha. Mwaka 1986 Tanzania ikasaini na IMF. Enzi ya ruksa ikaingia, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua. Mavuno yalipanda, hilo ni kweli na lisifutwe: bei ilipolipa, watu walirudi mashambani. Lakini aliyenunua aliitaka ghafi, aipeleke India. Viwanda vikabinafsishwa, na vingi vikawa maghala ya kuhifadhia korosho inayosubiri meli.

Fundisho lililohubiriwa wakati ule, ambalo wasomi wanaliita uliberali mamboleo na sisi tukaliita soko huria, lilisema hivi: kila nchi iuze inachokitoa kwa urahisi, serikali iondoe mkono na ushuru, soko litapanga. Ng'ambo ya Ruvuma fundisho hilo lilitekelezwa bila kupunguza chumvi. Mwaka 1995 Benki ya Dunia iliitaka Msumbiji ipunguze ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, kwa hoja kwamba mkulima angepata bei nzuri zaidi. Viwanda vikafungwa, wafanyakazi wapatao 10,000 wakapoteza kazi, na nyongeza iliyomfikia mkulima ilikuwa kiduchu. Bunge la Msumbiji likapandisha ushuru upya mwaka 1999. Ndugu zetu wa upande ule wa mto walilipa ada ya somo ambalo Washington ilikuja kulikubali kwa shingo upande: mwaka 2016 wachumi watatu wa IMF yenyewe waliandika kwamba sehemu za sera hizo zilisifiwa kupita kiasi.

Tanzania haikufuata njia hiyo hadi mwisho. Leo anayesafirisha korosho ghafi hulipa ushuru wa asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi kubwa. Stakabadhi ghalani na mnada wa pamoja ni uamuzi wa kisiasa vilevile: muuzaji mdogo asikutane peke yake na mnunuzi mkubwa. Kwa vigezo vya miaka ya 1990 hii ilikuwa dhambi. Na tazama waliohubiri wenyewe wamefika wapi. Chombo cha rufaa cha Shirika la Biashara Duniani hakijafanya kazi tangu Desemba 2019 kwa sababu Marekani ilizuia uteuzi wa majaji wake. Aprili 2025 Marekani ikatangaza ushuru wa asilimia 46 kwa bidhaa za Vietnam, ukateremka hadi 20. Agosti mwaka huo India ikafikishwa 50. Hayo yanaihusu Newala moja kwa moja, kwani Marekani hailimi korosho kibiashara. Anayemenyea mlaji wa kule ni Vietnam, na Vietnam hununua kwetu.

Vietnam ianzwe kutazamwa kwa makini na kila anayekaa kwenye bodi ya chama kikuu. Ilifungua uchumi wake mwaka uleule wa 1986. Tangu 2006 imeipita India na kuwa muuzaji wa kwanza wa korosho iliyobanguliwa duniani, ikitumia mashine zilizotengenezwa nchini mwake na korosho ambayo kwa sehemu kubwa si yake. Inachukua ya Kambodia na Afrika Magharibi kuanzia Februari hadi Juni, kisha ya kwetu kuanzia Novemba. Kiwanda cha Binh Phuoc, kule Vietnam, hakilali. Cha kwetu lazima kinunue katika miezi mitatu malighafi ya mwaka mzima.

Hapo ndipo kinapofia, na hesabu yake ni hii. Kilo 1 ya kiini kilichomenywa hutoka kwenye kilo 4.3 hivi za korosho ghafi. Kwa 4,000 mnadani, malighafi peke yake ni shilingi 17,200. Tuseme kiini cha W320, maana yake viini hadi 320 kwa ratili, kinauzwa dola 3.20 kwa ratili. Kwa dola ya 2,600 ni kama shilingi 18,300 kwa kilo. Zimebaki 1,100 za vibarua, umeme, maboksi, na hasara ya viini vinavyovunjika na kuuzwa chini. Sasa ongeza mkopo. Riba ya benki ya asilimia 15 kwa mwaka, mzigo ukipungua taratibu kwa miezi 12, ni wastani wa asilimia 7.5 ya malighafi: shilingi 1,290. Riba peke yake imeshakula zaidi ya kilichobaki. Mwenye kiwanda Mtwara hashindwi kwa sababu wanawake wetu hawajui kubangua. Anashindwa benki.

Ushuru wa kusafirisha ghafi unamsaidia kiasi. Kwa tani ya dola 1,500 ni dola 225, karibu shilingi 585 kwa kilo ambazo msafirishaji analipa na mbanguaji wa ndani halipi. Msafirishaji anapunguza zabuni yake kwa kiasi hicho, na mbanguaji ananufaika. Lakini ngao hiyo ina mwenyewe: shilingi 585 zinatoka kwenye bei ya mkulima. Ndiyo maana ni haki aone zinakwenda wapi. Ziliporudi shambani kama pembejeo, mavuno yalipanda hadi tani 313,000 msimu wa 2017/18. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa zikaelekezwa Hazina, na kufikia msimu wa 2020/21 nchi ilivuna karibu tani 210,000. Mvua na bei zilichangia, lakini salfa iliyochelewa haisameheki na ubwiri.

Mwaka huohuo wa 2018 serikali ilijaribu njia nyingine. Wakulima wa Tandahimba na Newala walikataa bei za mnada wa Oktoba, na Novemba Rais Magufuli akaagiza serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300, jeshi likiisomba. Nia tunaiheshimu: alisimama upande wa mkulima mbele ya wanunuzi waliobana. Utekelezaji ulifichua ukweli mgumu. Uhakiki wa wakulima ulichelewesha malipo, na korosho ikishanunuliwa haikuwa na pa kubanguliwa kwa wingi ule, wala mnunuzi wa nje hakuwa na haraka. Korosho ghafi huharibika kila mwezi inaokaa ghalani. Mwenye mzigo usiosubiri hana kauli, awe mkulima wa Nanyamba au serikali yenye jeshi.

Kwa hiyo kuhama kwa nguvu za uchumi kutoka Magharibi kwenda Asia, jambo linaloshangiliwa sana, mkulima wa Ruangwa bado hajalionja. Mnunuzi wa zamani alitaka ghafi na wa sasa anataka ghafi. Kila tani inayopandishwa melini Mtwara ina karibu kilo 700 za maganda, na ndani ya maganda hayo kuna mafuta yanayotengenezea bitana za breki na rangi. Tunalipia nauli ya bahari kupeleka taka zetu zikawe bidhaa ya mwingine. Gati jipya la mita 300, lililojengwa kwa shilingi bilioni 157.8 na wakandarasi wa Kichina, limeondoa safari ya malori kwenda Dar es Salaam, na agizo la korosho ya Kusini kupitia Mtwara limeleta ajira kwa makuli, madereva na mama lishe wa Shangani. Ni faida ya kweli. Ila bandari nzuri hupitisha ghafi kwa urahisi uleule inavyopitisha kiini.

Mlango mpya upo, na una vipimo. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 China imeondoa ushuru wote kwa bidhaa za nchi maskini zaidi zenye uhusiano nayo wa kibalozi, Tanzania ikiwemo. India iliruhusu biashara nasi ilipwe kwa rupia tangu 2023. Na Agosti 2025 kiini kilichobanguliwa Mtwara kilitozwa asilimia 10 kuingia Marekani, cha Vietnam 20, cha India 50. Ushuru wa namna hiyo unapanda na kushuka kwa tangazo moja, asijenge mtu kiwanda juu yake peke yake. Msamaha wa China na malipo ya rupia vina msingi zaidi. Eneo la Maranje, mkoani Mtwara, limetengwa kwa kongani ya viwanda vya kubangua. Uzio na barabara ni sehemu rahisi. Kama mbanguaji ataendelea kukopa kwa asilimia 15 kununua mzigo wa mwaka mzima, Maranje itakuwa maghala mapya ya korosho inayosubiri meli, kama ilivyokuwa kwa vile viwanda 12.

Kinachohitajika TMX inaweza kukifanya ndani ya msimu mmoja: loti za wabanguaji wa ndani zinazolipiwa kwa awamu kadiri mzigo unavyotoka ghalani, stakabadhi ikibaki dhamana mpaka gunia la mwisho. Mbanguaji analipa anachobangua mwezi ule, na riba ya 1,290 inashuka. Fedha ya kumlipa mkulima palepale itoke kwenye ushuru wa kusafirisha ghafi, ambao tayari ni jasho lake. Huduma ikiongeza hilo, tutaipandisha kutoka 3 hadi 6 bila kusubiri jengo lolote.

Kwa wanachama, mkutano mkuu wa AMCOS kabla ya Oktoba ndipo pa kuanzia. Dai kipima unyevu kituoni, na matokeo yasomwe kwa sauti kila gunia linapopokelewa. Dai karatasi ya KOR ya kila loti ibandikwe ubaoni pamoja na bei ya mnada na bei ya dola ya siku ile. Dai loti tofauti kwa korosho iliyozidi ratili 50, hata kama ni magunia 100 tu mwaka wa kwanza. Bambo, kisu cha kukatia na mizani ndogo ya gramu vinatosha kufanya kipimo chote kijijini, na kijana aliyemaliza kidato cha nne anajifunza kwa siku mbili. Yaandikwe kwenye muhtasari, yawekwe sahihi, na nakala iende kwa afisa ushirika wa wilaya.